Biskuti za Laini ya Juu

Siku mbili kabla ya Krismasi, Kemuma aliamka na swali ambalo mama yake alikuwa anaomba asiulize.

"Mama, watoto wanakuja saa ngapi?"

Bonareri alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akipuliza makaa. Hakugeuka.

"Watoto gani?"

"Wa biskuti."

Nelvine, dada yake wa miaka kumi na mmoja, aliacha kukunja blanketi akamtazama mama. Yeye alijua kwamba hakuna mtoto angekuja. Laini ya Juu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi iliyokaa mgongoni mwa kilima katikati ya mashamba ya chai, ilikuwa imebaki na familia mbili tu. Mwezi wa nne kampuni ilileta mashine za kuchuma chai, na baada ya hapo wachumaji wakaanza kupewa barua za kuachishwa kazi. Waliondoka familia moja baada ya nyingine, kila moja na pikapu yake, godoro juu na kuku wakiwa wamefungwa miguu. Milango yao ilipigiliwa mbao. Familia ya Bonareri na mumewe Mokaya ilikuwa ya mwisho kupewa barua, na walitakiwa kurudisha ufunguo kabla ya mwaka kwisha. Familia ya pili, kule mwisho kabisa wa safu, haikuwa inaenda popote. Ilikuwa ya Weldon, dereva wa mashine.

"Mwaka huu hakuna biskuti," Bonareri alisema. "Tunahama. Vyombo viko kwa magunia."

Kemuma alikuwa na miaka sita, na alilipima jambo hilo kwa makini.

"Sufuria kubwa haiko kwa gunia. Nimeiona."

Kila Krismasi watoto wa laini nzima walijazana katika jiko lile dogo la Bonareri, wakasukuma unga, wakakata, wakapamba, wakalambana vidole. Mama huyu alileta mayai, yule kikombe cha sukari. Bonareri ndiye aliyekuwa na ujuzi. Alifundishwa na wanawake wa kanisa lake Kericho mjini. Ilifika mahali watoto wakamwita Mama Biskuti, na hata nyapara wa shamba akalizoea jina hilo.

Alitaka kukataa mara ya pili. Lakini Mokaya alikuwa ameenda Nyamira wiki iliyopita kumwomba kaka yake mahali pa kuwaweka, na simu zake zilikuwa fupi, na nyumba ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba mtu aliweza kusikia paka akitembea juu ya bati la jirani asiyekuwepo. Bonareri aliona afadhali watoto waulize habari za sukari kuliko waulize habari za baba yao.

"Leteni unga," alisema.

*

Alichanganya majarini na sukari kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe, akavunja mayai, akakwaruza ganda la limau. Mikono yake ilienda yenyewe. Alipomwaga unga hakuutazama, na alipoanza kukanda ndipo Nelvine akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni ya watoto wote."

Bonareri aliangalia karai. Donge lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, la laini nzima, kama mwaka jana.

"Nimezoea," alisema.

"Si tutakula sisi," Kemuma akasema, akiwa tayari ameshika chupa ya soda ya kusukumia.

Walisukuma unga juu ya meza. Nelvine alikata duara kwa mdomo wa gilasi, Bonareri akachonga nyota kwa kisu. Jikoni kwao hakukuwa na oveni. Bonareri alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia ndogo juu ya mchanga, akafunika, na juu ya kifuniko akapanga makaa mekundu. Hivyo ndivyo biskuti za Laini ya Juu zilivyookwa miaka yote, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

Za kwanza zilipotoka na kupoa, kazi ya kupamba ikaanza. Bonareri alikoroga sukari ya unga na maji kidogo, nusu akaiacha nyeupe, nusu akaitia maji ya bitiruti ikawa ya waridi. Alijaza rangi ndani ya pakiti za maziwa zilizooshwa na kukaushwa, akakata kona ndogo kwa mkasi. Ukibana pakiti, sukari ilitoka kama uzi.

Desturi ilikuwa kwamba kila mtoto apate biskuti yenye herufi ya jina lake. Bonareri alidhani wangeandika N na K, basi, zingine wachore maua. Lakini Kemuma alivuta biskuti mbele yake, akatoa ulimi nje kidogo kama alivyofanya akiandika, na akaanza.

"Hii ni ya Moraa. Hii ni ya Obino. Hii ya Chebet. Nelvine, jina la mtoto wa Mama Osoro ni nani?"

"Hawako, Kemuma."

"Najua hawako. Jina lake?"

Nelvine alimwangalia mama, na mama akawa anaangalia jiko. "Kerubo," Nelvine akajibu, na yeye pia akachukua pakiti. Herufi zikaongezeka juu ya meza, moja kwa kila mlango uliopigiliwa mbao. Bonareri alizipita akienda kuchukua makaa, akarudi akazipita tena. Aliwajua wote. Alijua nani alipenda pembe ya nyota kwanza na nani aliweka yake mfukoni mpaka ikavunjika.

"Na hii S ni nani?" Nelvine aliuliza.

Kemuma alikuwa amechora S ya waridi, na kando yake misuko miwili ya nywele.

"Shirley."

Kisu kikasimama mkononi mwa Bonareri. Shirley alikuwa mtoto wa Weldon na mkewe Cheptoo.

"Huyo hatumfanyii," alisema.

"Lakini yeye ndiye ako hapa. Hao wengine wote hawako."

"Baba alikataza tusicheze na yeye," Nelvine akaeleza, kama mtu anayesoma sheria za shule. "Baba yake aliuza watu."

Kemuma aligeuka na macho makubwa. "Aliwauza pesa ngapi?"

"Nyamazeni," Bonareri alisema. Akachukua ile biskuti, akaifuta kwa kidole gumba. S ilitoka lakini haikutoka vizuri. Ikabaki doa la waridi. Akaiweka kando na zile zilizovunjika. Kemuma hakulia. Aliinamisha kichwa tu akaendelea kubana pakiti, na hilo lilimkera Bonareri kuliko kilio.

*

Saa nane mchana makaa yakaisha. Sinia tatu za biskuti mbichi zilikuwa bado mezani.

Zamani hilo halingekuwa shida. Gunia la makaa lilikuwa kwenye kantini, na trekta la kampuni lilileta kuni za mgao mbele ya kila mlango. Lakini kantini ilifungwa wateja walipokwisha, na mgao wa kuni ulikatwa kwa kila aliyepewa barua. Bonareri alijaribu magunzi ya mahindi. Yakatoa moshi mwingi na joto kidogo. Alimtuma Nelvine kuokota vijiti chini ya mikaratusi, na Nelvine akarudi mikono mitupu: mlinzi wa msitu alimwambia kuni ni za wafanyakazi, na wao si wafanyakazi tena.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, 'Mwambie mama yako mwaka umeisha.'"

Bonareri alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mayai, majarini, sukari, vyote vilikuwa pale mezani vikilegea. Alifumba macho yaliyowashwa na moshi. Alipoyafungua, sinia moja haikuwepo, na Kemuma pia hakuwepo.

Alimkuta mwisho wa laini. Kemuma alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Cheptoo, sinia juu ya mikono miwili, nzi wawili wakizunguka. Cheptoo alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye leso kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama anachekwa.

"Amesema umemtuma," Cheptoo alisema kabla Bonareri hajafika. "Amesema unaomba moto."

Bonareri alisimama. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu mwezi wa nne. Wiki ile barua za kwanza zilipotoka, wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao kwenye mfereji wa maji, na Cheptoo akaweka wake kwenye foleni kama kawaida. Bonareri ndiye aliyeutoa. Aliuinua mbele ya watu, akaupeleka nyuma kabisa, akasema, "Wewe si maji yako yatachotwa na mashine?" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo Cheptoo alisubiri wote waondoke ndipo aende kuteka, na hakuna aliyemsalimu tena.

Sasa ilibidi Bonareri achague. Angesema hakumtuma mtoto, angemfanya Kemuma mwongo mbele ya watu na kurudi kwenye sinia zake. Au angeomba.

"Makaa yameisha," alisema. Ilikuwa vigumu kulisema. "Kama una moto."

Nyuma ya Cheptoo, ukutani, kuni za mgao zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani.

"Kuni ziko," Cheptoo alisema. Akasogea kando. "Ingieni."

*

Nelvine alileta sufuria, mchanga na sinia zilizobaki, akitembea kama mtu anayeingia ofisi ya mwalimu mkuu. Cheptoo aliwasha moto mkubwa, akasubiri ukae, akasaidia kupanga makaa juu ya kifuniko bila kuuliza, maana miaka iliyopita alikuwa ameona biskuti hizo zikiokwa. Shirley, msichana wa miaka saba mwenye misuko miwili, alisimama pembeni na mikono nyuma.

"Kuja," Kemuma alimwambia. "Unabana hivi. Usibane kwa nguvu, itatapika."

Shirley alibana, ikatapika, wakacheka wote wawili. Nelvine alijizuia kidogo, kisha akawasogelea na zile biskuti zenye herufi.

"Hii M ni ya nani?" Shirley aliuliza.

"Ya Moraa. Alienda kwao."

"Tunaweza kumla?"

Kemuma alifikiri. "Tunaweza. Hawezi kujua."

Wakamla Moraa. Wakagawana Obino.

Kwa wakubwa haikuwa rahisi hivyo. Cheptoo alichemsha chai ya maziwa akampa Bonareri kikombe kizuri, cha wageni, na yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama kando ya moto akisogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Bonareri alitafuta la kusema. Alisifu chai. Akauliza kama ng'ombe wa kwao Silibwet bado wana maziwa.

"Wako," Cheptoo alijibu. Kisha akaongeza, "Tangu mwezi wa nne, wewe ndiye mtu wa kwanza kuingia hii nyumba."

"Hata watu wa kwenu?"

"Ndugu ya Weldon alikuwa anachuma hapa chini. Alipewa barua pia. Sasa hata simu hapigi. Na Krismasi tulikuwa tunaenda kwake." Alitazama watoto. "Huyu anacheza huko nje kwa nyumba za watu. Anagonga mlango, halafu anajibu mwenyewe, 'Nani?' Nilimpiga siku moja aache. Siku hiyo hata mimi nililia."

Bonareri alishika kikombe kwa mikono miwili. Angeweza kusema neno wakati huo, na alilijua neno lenyewe. Lakini mlango ulifunguliwa na Weldon akaingia.

Alikuwa na buti zenye matope na vifaa vya kuziba masikio vikining'inia shingoni, na alisema kwa sauti kubwa kama wanavyofanya watu wanaoshinda kwenye ngurumo. Alipomwona Bonareri alisimama. Kisha akavua kofia.

"Mama Nelvine. Hamjambo."

"Hatujambo, Baba Shirley."

"Mokaya amerudi?"

"Bado. Kesho."

Weldon aliitikia kwa kichwa. Yeye na Mokaya walikuwa wamechuma chai miaka tisa katika kundi moja, kikapu kando ya kikapu. Wakati wa mvua ya mawe walijificha chini ya karatasi moja ya plastiki. Kisha akauliza jambo ambalo alikuwa amelibeba kwa muda mrefu.

"Na lile jicho? Alienda likaangaliwa?"

"Jicho gani?"

Weldon alimtazama mkewe, na Cheptoo akatazama moto. Neno lilikuwa limeshatoka.

"Nilifikiri unajua," Weldon alisema, na sauti yake sasa ikawa ya kawaida. "Tulienda pamoja kwa ule mtihani wa mashine. Mimi na yeye. Wakatuambia tuendeshe, na Mokaya aliendesha kunishinda, sitakudanganya. Aligeuza kwa ile kona ya bonde mpaka mwalimu akapiga makofi. Halafu wakatupeleka kwa daktari. Wakamfunika jicho la kulia, wakamwambia asome kwa ukuta. Hakusema kitu. Alinyamaza tu. Daktari akamwuliza tena, akanyamaza."

Mezani watoto walikuwa wanabishana kuhusu pembe ya nyota.

"Kama si jicho, hiyo kazi ni yake," Weldon alisema. "Angekuwa yeye ndiye amebaki, na mimi ndiye ningehama."

Bonareri aliweka kikombe chini kwa uangalifu sana. Mokaya alikuwa amemwambia kwamba kampuni ilimwita kwa mashine na akakataa. Alisimama pale pale nyumbani, mwezi wa nne, akasema, "Siwezi kula na mkono unaochinja wenzangu." Naye aliliamini neno hilo, akalivaa kama nguo ya kanisani, akaenda nalo mpaka kwenye mfereji.

"Asante kwa moto," alisema. Akawaita watoto, akakusanya sinia, akatoka kabla biskuti za mwisho hazijapoa.

*

Mokaya alifika kesho yake mchana na pikapu ya kukodi. Dereva alikuwa na haraka. Alitaka kufika Nyamira kabla barabara haijajaa watu wa Krismasi. Kemuma alimkimbilia baba yake kutoka upande wa kushoto, na Mokaya hakumwona mpaka mtoto akamgonga pajani. Alishtuka, kisha akacheka, akamwinua. Bonareri aliliona hilo akiwa mlangoni. Alikuwa ameliona mara nyingi mwaka ule na kila mara akafikiri ni uchovu.

Alisubiri mpaka wakawa wawili peke yao chumbani, kitanda kikiwa kimefunguliwa na mbao zimeegemezwa ukutani.

"Kaka yako amesema aje?"

"Ametupatia chumba nyuma ya nyumba yake. Bibi yake hakufurahi, lakini amekubali."

"Na jicho?"

Mokaya aliendelea kufunga kamba kwenye mbao. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Nani amekuambia?"

"Weldon."

"Kwa hivyo nikienda kutafutia watoto mahali pa kulala, wewe unaenda kwa Weldon."

"Nilienda kuoka biskuti. Makaa yaliisha." Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu ya watoto. "Uliniambia ulikataa. Mimi nikaenda nikamwaibisha bibi ya mtu mbele ya laini nzima. Miezi minane, Baba Nelvine. Miezi minane mtu anateka maji gizani kwa sababu yangu."

"Mimi sikukutuma umwaibishe."

Ilikuwa kweli. Mokaya alikaa juu ya gunia la nguo. Alitoa kofia akaifinyanga mikononi.

"Ungetaka nikwambie nini? Kwamba mashine ilinitaka, halafu jicho likanikataa? Ningekwambia, wewe ungelia, na kabla ya jioni wamama wote wa mfereji wangejua. Nani angenipatia kazi tena? Hata huko kwa kaka yangu hawajui. Nimewaambia kampuni imefunga. Nilipoona Weldon amepita, nilifurahi nusu saa. Kabisa nilifurahi. Halafu nikamchukia, na kumchukia kulikuwa rahisi kuliko kusema."

"Linaona chochote?"

"Mwangaza. Mtu akipita naona kivuli."

Bonareri alitaka kumshika bega. Alitaka pia kumpiga. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, akachukua upande mmoja wa mbao za kitanda, na wakatoka nazo.

*

Kabati ndilo lililowashinda. Lilikuwa la mninga, zawadi ya harusi, na dereva alisema mgongo wake haulipwi. Mokaya alijaribu peke yake kulisukuma mpaka mlangoni, likakwama.

Weldon alikuja bila kuitwa. Ilikuwa nusu siku ya kazi na alikuwa bado na buti zake. Hakusalimu. Aliinama, akashika upande wa chini, akangoja. Mokaya alisimama akimtazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu kiasi kwamba dereva alipiga honi.

"Inua," Mokaya alisema mwishowe.

Waliinua. Walitoka mlangoni polepole, Mokaya akirudi kinyumenyume.

"Kushoto kwako kuna jiwe," Weldon alisema.

Mokaya alipapasa kwa mguu, akalipata jiwe, akalizunguka. Waliweka kabati juu ya pikapu. Weldon alilifunga kamba mwenyewe, akavuta kujaribu kama imekaza. Hakuna aliyesema asante. Lakini Mokaya alitoa sigara yake moja mfukoni, akaivunja katikati, akampa nusu, na wakavuta wamesimama, kila mmoja akiangalia upande wake wa shamba. Chai ilikuwa imekatwa sawasawa na mashine, tambarare kama meza, mpaka bondeni.

Kemuma alikuwa amepeleka mkebe wa biskuti kwa Shirley, zile zote zilizobaki na herufi.

"Mtarudi lini?" Shirley aliuliza.

"Krismasi," Kemuma alijibu, na Nelvine aliyekuwa karibu hakumsahihisha.

Bonareri alimkuta Cheptoo amesimama kando ya nyumba yake, akiwa amejifunga leso kiunoni, kama aliyetoka kufanya kazi fulani na kuisahau.

"Mama Shirley. Yale maneno ya mfereji."

"Nayakumbuka."

"Nilikosa. Nisamehe."

Cheptoo alitazama pikapu, godoro juu ya kabati, karai lililofungwa pembeni. Alipoongea hakuwa na hasira, na Bonareri angependa awe nayo.

"Nimesikia," alisema. "Lakini ungekuja mwezi wa tano. Ungekuja hata wa saba. Kuna siku nilikuwa natembea hapa nje nikikohoa, ili mtu mmoja tu ajue niko. Wewe ulikuwa kwa mlango wako unachagua mboga. Ukainua macho, ukarudisha." Alifuta mikono kwenye leso ingawa ilikuwa mikavu. "Sasa hiyo samahani nitaifanyia nini, na wewe unaenda?"

"Huko mnaenda, kuna watu?" Cheptoo aliuliza.

"Watu ni wengi. Boma limejaa."

"Basi hiyo ni nzuri," Cheptoo alisema, na alimaanisha. "Watoto watakuwa na wa kucheza nao. Nendeni salama."

Alimpa mkono. Bonareri aliushika kwa mikono yake yote miwili, na Cheptoo akamwacha aushike mpaka honi ilipolia tena.

Pikapu iliteremka kilima ikiyumba. Mama na wasichana walikaa nyuma kati ya magunia, Mokaya mbele na dereva. Nelvine alipunga mkono mpaka kona. Weldon alitupa kipande cha sigara, akasema anarudi kuifunika mashine kabla ya umande, akashuka kuelekea banda. Cheptoo alibaki nje. Alisikiliza injini ikipita daraja, ikipanda ng'ambo, ikawa ndogo, ikawa kama nyuki, kisha hakuisikia tena, akaendelea kusikiliza hata hivyo.

Baadaye alimwita Shirley aingie. Jua lilikuwa bado juu ya miti na kulikuwa na saa nyingi za kucheza, lakini mtoto hakubisha. Cheptoo alifunga mlango, akasukuma komeo.